Vuli ikipasha, mechi ya saa 8:00 sio mchezo

UKITAKA kujua kwamba vuli inanukia Dar es Salaam, huhitaji kalenda. Angalia wachezaji wanaporudi vyumbani baada ya kupasha misuli. Agosti walikuwa wanarudi na jasho la kwenye paji la uso tu. Ikifika Oktoba, jezi ya mazoezi imeshagandia mgongoni, soksi zimelowa, na filimbi ya kwanza bado haijapulizwa.

Ndo kipindi chenyewe hiki. Ligi imekolea, msimamo umeanza kuchukua sura, makocha wanahesabu pointi za ugenini kama mtu anayehesabu chenji ya daladala, na hewa nayo inapasha. Wiki hadi wiki joto linapanda, upepo wa kusi unachoka, unyevunyevu unaongezeka. Halafu siku moja wingu jeusi linajikusanya saa 9:00 alasiri, na baada ya nusu saa uwanja umegeuka bwawa.

Benchi la ufundi siku hizi linajua kila kitu kuhusu mpinzani. Straika wao anapenda kugeukia mguu gani, beki wao wa kulia anapanda mara ngapi, kipa wao anaogopa krosi za upande upi. Lakini uliza Jumapili saa 8:00 mchana hewa itakuwaje pale uwanjani. Mara nyingi jibu ni mtu kuinua uso na kuangalia juu.

Wakati taarifa ipo, tena haiuzwi. Na katika miezi hii mitatu, Oktoba hadi Desemba, inaweza kuwa na thamani kuliko video ya dakika 20 ya mpinzani.

Jua la utosi linaanza hivi

Joto la Oktoba halidondoki tu kutoka mbinguni. Lina ratiba yake, na ratiba hiyo haiahirishwi kama ya ligi.

Kila mwaka karibu Septemba 23, jua la mchana linakuwa juu kabisa ya Ikweta, halafu linaanza safari ya kwenda kusini. Tanzania ipo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo linatupitia sisi. Bukoba linafika utosini siku chache tu baada ya hapo. Mwanza ni mwishoni mwa Septemba. Dar es Salaam ni karibu Oktoba 10. Mbeya katikati ya Oktoba, na Mtwara karibu Oktoba 20. Linaendelea kushuka hadi Tropiki ya Kaprikoni, linafika huko karibu Desemba 22, kisha linageuza. Dar linarudi kupita utosini tena mwanzoni mwa Machi.

Hilo ndilo jua la utosi. Mchezaji akisimama katikati ya uwanja saa 6:00 mchana, kivuli chake kinamwishia miguuni. Hakuna jukwaa la kumkinga, hakuna upande wa uwanja wenye nafuu.

Pwani kuna jambo la pili. Kuanzia karibu Aprili hadi Oktoba upepo wa kusi ndio unaotawala, na ndio unaoifanya Dar ya Julai ivumilike. Kaskazi huingia kamili kuelekea Desemba. Katikati ya hizo mbili kuna kipindi ambacho manahodha wa pwani wanakiita tanga mbili: upepo haujui uende wapi, mara unavuma huku, mara kule, mara umekata kabisa. Bahari nayo inazidi kupata joto na kuijaza hewa mvuke. Kwa nahodha hiyo ni shida ya safari. Kwa winga anayetakiwa kupanda na kushuka dakika 90, ni shida ya mapafu.

Bara nako hakuna nafuu ya moja kwa moja. Tabora, mwezi wa joto kali zaidi katika mwaka ni Oktoba, kabla mvua za msimu hazijaanza kupoza ardhi. Kule mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, wakati Kagera, Mwanza, Tanga na Dar wanapata vuli, kisha masika. Timu inaweza kutoka Bukoba kwenye tope Jumatano na kukuta vumbi na jua la Tabora Jumapili. Ligi ni moja, hali ya hewa ni tatu au nne.

Nyuzi 31 za Dar sio nyuzi 31 za Dodoma

Kosa la kwanza la wasomaji wengi wa utabiri ni kuangalia namba moja tu: nyuzi joto. Wakiona 31, wanasema freshi, mbona hata mwezi jana ilikuwa 30.

Mwili wa mchezaji hausomi namba hiyo peke yake. Mwili unajipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka bali kwa kukauka. Dodoma hewa ni kavu, jasho linakauka haraka. Dar hewa imeshiba mvuke, jasho linatiririka na kudondoka chini bila kufanya kazi yake. Ndiyo maana mtu anaweza kucheza nyuzi 33 za Dodoma akamaliza anatembea vizuri, halafu nyuzi 31 za Dar zikamkatisha pumzi dakika ya 60.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa michezo hawatumii kipimajoto cha kawaida. Wanatumia kipimo kinachojumlisha mambo yote: joto la hewa, unyevu, ukali wa jua na upepo. Katika hesabu yake, unyevu ndio wenye uzito mkubwa kuliko vyote. FIFA ikaweka mstari wake hapo: kipimo hicho kikivuka 32, mechi inastahili kusimama ili wachezaji wapoe.

Sasa weka hiyo kwenye mwili. Mchezaji wa kilo 70 akipoteza kilo 1.4 kwa jasho, amepoteza asilimia mbili ya uzito wake. Kuanzia hapo mambo yanaanza kuharibika: mbio zinapungua, uamuzi unachelewa, pasi ya mita 15 inakwenda mita 12. Mashabiki jukwaani wanasema fulani hajitumi. Kumbe ndoo imekauka.

Dabi ya Novemba 5, 2023 inakumbukwa na kila mtu, wengine kwa raha, wengine kwa maumivu. Yanga na Simba walikwenda mapumziko wakiwa 1-1. Kipindi cha pili Yanga wakafunga manne, ikaisha 5-1. Hakuna anayesema joto la Novemba ndilo lililofunga mabao yale. Maxi Nzengeli, Aziz Ki na Pacome wangekasirika. Lakini mechi ile iliwakumbusha watu kwamba kwa msimu huu, nusu ya pili ni mechi nyingine kabisa. Timu inayoingia nayo ikiwa na akiba mwilini inacheza mpira, inayoingia ikiwa tupu inatazama.

Jinsi ya kusoma siku tano

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inatoa utabiri wa ngazi tofauti. Upo wa msimu mzima, ambao hutolewa kabla vuli haijaanza. Upo wa siku kumi. Upo wa siku tano unaotoa tahadhari za hali mbaya ya hewa, na upo wa saa 24. Kila mmoja una kazi yake, na kocha anayetaka kuutumia lazima ajue upi ni wa nini.

Utabiri wa msimu ni wa ofisi ya klabu. Mwaka 2023, kwa mfano, TMA ilishatangaza mwezi Agosti kwamba mvua za vuli zingezidi kiwango cha kawaida kwa sababu ya El Nino, na mvua zikaja kweli. Klabu yenye uwanja wake wa mazoezi ilikuwa na muda wa kuzibua mitaro kabla ya maji kuingia. Lakini utabiri huo hauwezi kusema Jumapili saa 10:00 jioni kutakuwaje.

Hapo ndipo siku tano zinapoingia. Tahadhari za TMA zina ngazi tatu: angalizo, ambayo ni njano, tahadhari, ambayo ni rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa, nyekundu. Chini yake panaandikwa uwezekano wa jambo hilo kutokea na ukubwa wa athari zake. Watu wengi wanaona rangi tu wanapita. Meneja wa timu asome na hayo maneno mawili ya chini, maana angalizo lenye uwezekano mkubwa linaweza kumvurugia safari kuliko tahadhari yenye uwezekano mdogo.

Chukua mechi ya Jumapili. Jumatano, siku tano zinakupa mwelekeo: wiki inakwenda kwenye jua kali au kwenye mawingu. Hapo kocha anaamua mazoezi yafanyike saa ngapi na yawe mazito kiasi gani. Jumamosi jioni, utabiri wa saa 24 unakupa picha ya mkoa. Hapo mtunza vifaa anajua apakie njumu za meno marefu au za kawaida, jezi za kubadilisha mapumziko ziwe seti moja au mbili, barafu iwe kiasi gani. Jumapili asubuhi, mawingu yenyewe na taarifa za karibuni ndizo zinazosema. TMA ina rada, ikiwamo ya Dar es Salaam na ya Mwanza, zinazoona mvua ikija kabla haijafika.

Kadiri siku zinavyosogea, picha inazidi kuwa wazi. Anayesoma Jumatano na asirudie tena ni kama aliyeona kikosi cha mpinzani cha wiki iliyopita akadhani ndicho kitakachoanza.

Kuna sentensi moja ambayo kila Mtanzania ameisikia kwenye taarifa ya habari usiku: mawingu kiasi, mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Watu wanaicheka, wanasema imesema kila kitu. Haijasema kila kitu. Imesema mvua itagusa sehemu ndogo ya mkoa. Inaweza kunyesha Chamazi huku Mwenge watu wanaanika nguo. Utabiri ni wa mkoa, sio wa kiwanja. Kwa hiyo "maeneo machache" maana yake kwa timu ni moja: jiandae kwa yote mawili, ila usibadilishe mpango wako wa mchezo mpaka uone.

Hesabu ya giza

Sasa tuje kwenye kinachouma zaidi.

Mtu atasema dawa ni rahisi, mechi zote zichezwe usiku. Kwa Benjamin Mkapa na Azam Complex, sawa, taa zipo. Lakini viwanja vingi vya mikoani havina taa. Huko mechi lazima ichezwe mchana, na mchana wenyewe una mipaka miwili: joto upande huu, giza upande ule.

Fanya hesabu. Pwani mwezi Oktoba na Novemba jua linazama karibu saa 12:15 jioni. Mechi ikianza saa 10:00 jioni, dakika 45, mapumziko 15, dakika nyingine 45, na za nyongeza, inakwisha karibu saa 11:55. Imebaki kama dakika 20 ya mwanga. Ikija mvua ya radi ikasimamisha mchezo nusu saa, hakuna pa kuziweka dakika hizo. Mechi inaliwa na giza.

Ndiyo maana wapangaji wengine wanaona bora saa 8:00 mchana. Unapata nafasi ya kutosha hata mvua ikikatisha. Lakini saa 8:00 ndiyo saa ya joto la juu kabisa. Umekimbia giza, umeangukia kwenye kikaango.

Na hapa jiografia inatoa zawadi ambayo haitumiki sana. Kigoma ipo magharibi mbali na Dar, lakini saa ni moja nchi nzima. Matokeo yake jua la Kigoma linazama karibu dakika 40 baada ya la Dar. Bukoba na Mwanza nazo zina mwanga wa ziada. Mechi ya Lake Tanganyika inaweza kuanza saa 10:30 jioni na bado ikaisha watu wanaonana vizuri, wakati Mkwakwani, Tanga, muda huo huo ungekuwa wa kubahatisha. Ratiba inayoandika saa moja kwa viwanja vyote inamnyima mchezaji wa magharibi nusu saa ya hewa nzuri.

Tusisahau pia kwamba usiku sio pepo. Kuanzia Novemba joto la usiku la Dar halishuki sana, na unyevu unapanda zaidi kuliko mchana. Jua halichomi, hiyo ni nafuu kubwa, lakini jasho bado halikauki. Na umande ukishuka, nyasi zinateleza. Beki wa kati aliyezoea kugeuka kwa kisigino mchana, saa 2:00 usiku anajikuta amekaa chini.

Mvua nayo ina tabia zake

Mvua za vuli hazinyeshi sawa kila mahali. Kanda ya Ziwa ina mtindo wake. Usiku Ziwa Victoria linakuwa na joto kuliko nchi kavu, mawingu ya radi yanajijenga juu ya maji, na upepo wa mashariki unayasukuma kuelekea Bukoba. Ndiyo maana Bukoba, moja ya miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, mara nyingi inaamka na mvua. Mchana anga linaweza kufunguka. Kwa timu ngeni inayolala hotelini na kusikia mabati yakipigwa alfajiri, hiyo haimaanishi mechi ya jioni imeharibika.

Kaitaba yenyewe ina nyasi bandia. Kwa mvua ni faida, maji yanapita chini na mpira unaendelea kutembea. Kwa jua ni hasara. Nyasi bandia zinanyonya joto na kulishikilia; kwenye jua kali zinakuwa za moto kuliko hewa kwa tofauti kubwa. Mchezaji anapata joto la juu na la chini, kama chapati. Kumwagia maji kabla ya mechi kunasaidia, ila kwa muda mfupi, kisha yanageuka mvuke.

Kwenye nyasi za kawaida mambo yanageuka. Uwanja ukishiba maji, pasi fupi zinakufa njiani. Mwamuzi ana kipimo chake cha kienyeji lakini cha uhakika: anaudondosha mpira, hauruki, anauviringisha, unasimama kwenye dimbwi. Hapo anajua. Timu ya pasi nyingi inayokuja bila mpango wa pili inageuka timu ya kawaida, na timu ya mipira mirefu inakuwa Barcelona.

Uwanja ulioharibika unaweza kuhamisha hata fainali. Mei 2025, Simba walikuwa wacheze marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na RS Berkane kwa Mkapa. Ilikuwa masika. CAF ikaihamishia mechi Amaan, Zanzibar, kutokana na hali ya eneo la kuchezea la Mkapa. Ikaisha 1-1 na kombe likaenda Morocco. Maelfu waliokuwa wamejipanga kwenda Temeke wakabaki na runinga.

Halafu kuna radi. Hili halina mjadala wala ujasiri. Oktoba 1998 nchini Afrika Kusini, radi ilipiga wakati Jomo Cosmos na Moroka Swallows wakicheza, wachezaji kadhaa wakaanguka chini uwanjani. Uwanja wa mpira ni eneo wazi, na binadamu ndio kitu kirefu kilichosimama hapo. Ngurumo ikisikika, radi iko karibu vya kutosha. Mwamuzi anayewatoa wachezaji hajaogopa, amefanya kazi yake.

Hata wakubwa wamebanwa

Anayedhani haya ni mambo ya ligi maskini aangalie Kombe la Dunia la Klabu 2025 kule Marekani. Juni 21 mjini Cincinnati, Borussia Dortmund walipocheza na Mamelodi Sundowns, wachezaji wa akiba wa Dortmund walikaa vyumbani kipindi cha kwanza kizima, wakitazama mechi kwenye runinga ili kukwepa jua. Walishinda 4-3. Siku chache kabla, mechi ya Sundowns na Ulsan kule Orlando ilichelewa kuanza kwa zaidi ya saa moja kwa sababu ya radi. Sundowns wakasubiri, wakaingia, wakashinda 1-0.

Kubwa zaidi ilikuwa Juni 28 mjini Charlotte. Chelsea wanaongoza 1-0 dhidi ya Benfica, dakika ya 86, radi. Mechi ikasimama karibu saa mbili. Waliporudi, Benfica wakapata penalti, Di Maria akasawazisha. Chelsea wakaja kushinda 4-1 muda wa nyongeza, lakini kocha wao Enzo Maresca alitoka akilalamika kwamba huo sio mpira. Kiungo wake Enzo Fernandez baadaye alieleza kwamba kwenye mechi nyingine ya michuano ile joto lilimpa kizunguzungu, akalazimika kulala chini.

Sheria zenyewe zinaruhusu nafuu. Sheria namba 7 inatambua mapumziko ya maji, yasiyozidi dakika moja, na mapumziko ya kupoza mwili, ya sekunde 90 hadi dakika tatu. Ni vitu viwili tofauti. Kwenye Kombe la Dunia, mapumziko rasmi ya kupoza mwili yalionekana kwa mara ya kwanza Brazil 2014, Uholanzi na Mexico kule Fortaleza. Kwa fainali za 2026, FIFA ikaamua kuweka mapumziko ya dakika tatu kila kipindi katika kila mechi, liwe jua au kivuli.

Kocha mjanja hazitumii dakika hizo kunywa maji tu. Anapanga upya timu. Lakini ili ajue kama zitakuwepo, inabidi ajue mapema hewa itakuwaje. Tunarudi pale pale.

Kinachoweza kufanyika wiki hii

Hakuna klabu inayohitaji mfadhili mpya ili kuanza. Mizani moja ya kawaida inatosha: pima mchezaji kabla ya mazoezi, pima baada, tofauti ndiyo maji aliyopoteza. Baada ya wiki mbili daktari wa timu anajua nani anatoka jasho jingi na nani kidogo, na anajua nani wa kumwangalia dakika ya 60. Maji yawe na chumvichumvi, maana jasho halitoki maji matupu.

Mwili unazoea joto, ila unataka siku saba hadi 14. Timu inayotoka Mbeya, mji uliopo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ikifika Dar usiku wa kuamkia mechi haijazoea chochote. Kama bajeti hairuhusu kufika mapema, basi angalau kupasha misuli kufupishwe na kufanyike kivulini. Hakuna sababu ya kumchosha mtu dakika 30 juani ili aanze mechi akiwa amechoka.

Na kila benchi lijue dalili: kizunguzungu, kutapika, kuyumba, kuongea vitu visivyoeleweka. Mchezaji anayechanganyikiwa kwenye joto hazugi wala hapotezi muda. Akianguka, apozwe kwanza hapo hapo kwa maji baridi na barafu, kivulini, wakati gari la wagonjwa linaandaliwa. Kila dakika anayokaa na joto lile mwilini ni hatari kwa maisha yake, sio kwa pointi tatu.

Wapangaji wa ratiba nao wana nafasi yao. Sio lazima wavunje kalenda. Mechi ya kiwanja kisicho na taa kuisogeza kutoka saa 8:00 hadi saa 10:00 pale utabiri unapoonyesha jua tupu, au kuirudisha nyuma pale unapoonyesha radi za jioni, ni uamuzi wa Ijumaa unaoweza kuokoa Jumapili. Timu ndogo ndizo zitakazofaidika zaidi, kwa sababu ndizo zinazocheza juani mara nyingi zaidi.

Shabiki asijione yupo nje. Yule anayeingia jukwaa la jua saa 6:00 mchana kuwahi kiti cha mechi ya saa 11:00 anakaa juani muda mrefu kuliko mchezaji yeyote. Kofia, maji ya kutosha, na kabla ya kutoka nyumbani tazama utabiri wa saa 24 kama unavyotazama kikosi kitakachoanza. Ukiona radi, simu ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na nauli ya kurudi itengwe mapema, maana mvua ikishuka, bodaboda nao wana bei zao za vuli.